Dira Haina Kosa, Wenye Kosa Ni Wauza Hofu

Kuna maneno yanayotembea siku hizi katika mji wetu wa Bunia, toka sokoni hata kwenye kambi za ndugu zetu waliokimbia vita. Yapitishwa kwa simu, yahubiriwa barabarani kwa kipaza sauti, na jioni watoto wayaleta nyumbani. Maneno yenyewe ni haya: sumaku ya dunia yaisha nguvu, kaskazini yahama, karibu itapinduka iwe kusini. Siku hiyo ndege zitaanguka, volkano zitapasuka, watu watapata wazimu, na dunia itakwisha. Wengine huthubutu hata kutaja mwaka. Wengine, wakiisha kuwatia watu hofu, hufungua mfuko na kutoa bangili ya sumaku: vaa hii, nawe utasalimika. Bangili si ya bure.

Sisi twasema wazi: huo ni udanganyifu. Lakini ni udanganyifu wa namna mbaya kuliko nyingine, kwa sababu ndani yake mna punje ya kweli. Uongo mtupu hauishi muda mrefu. Uongo uliochanganywa na kweli hukaa miaka. Basi haitoshi kuwacheka wauza hofu. Yatupasa kupepeta, kama mama apepetavyo mchele katika ungo, tuone kweli ni ipi na makapi ni yapi.

Kweli ni hii: nguvu ya sumaku ya dunia hubadilika, na haikuacha kubadilika tangu zamani. Mabaharia walijua kwamba ncha ya dira haielekei kaskazini halisi. Huenda kando kidogo, mashariki au magharibi, kadiri ya pahali ulipo. Wasilolijua ni kwamba pembe hiyo haikai ilivyo. Huko London, mwaka 1580, William Borough alipima akaona dira yaelekea digrii 11 na kidogo mashariki ya kaskazini. Mwaka 1634 Henry Gellibrand alipima tena karibu na pale pale akapata digrii 4 hivi tu. Ilikuwa rahisi kusema kwamba Borough alikosea. Hakukosea, dira ilikuwa imehama. Mwanzoni mwa karne ya 19 dira ya London ilikuwa imevuka kaskazini na kuelekea digrii 24 upande wa magharibi. Kisha ikaanza kurudi polepole, na mwaka 2019, huko Greenwich, ikaelekea tena kaskazini halisi, mara ya kwanza baada ya miaka 360 hivi. Katika miaka hiyo yote London haikuzama, wala watu wake hawakupata wazimu kwa sababu ya dira.

Kweli pia ni kwamba ncha ya kaskazini ya sumaku husafiri. James Clark Ross aliifikia mwaka 1831, kaskazini mwa nchi ya Kanada. Tangu hapo imevuka bahari ya barafu kuelekea upande wa Siberia, na katika miaka ya karibuni imekwenda kilometa 50 hivi kwa mwaka, kisha ikapunguza mwendo. Na kweli ni kwamba nguvu yenyewe imepungua: tangu mtaalamu Gauss wa Ujerumani aonyeshe namna ya kuipima kwa hesabu, katika miaka ya 1830, imepungua kadiri ya sehemu 9 katika 100. Hayo yote hatuyakatai. Lakini mtu akuambiaye kwamba mvua imenyesha, kisha akadai ulipe kwa sababu alikuambia kweli, je, utamlipa?

Sasa tuulize sababu, maana wauza hofu hawataki tufike hapo. Wao wasema kuna mkono wa watu, au silaha za siri, au antena za simu. La. Sababu ni za asili, nazo si moja.

Ya kwanza iko chini ya miguu yetu. Ukichimba kisima chenye kina cha kilometa 2,900, jambo ambalo hakuna mtu awezaye kulifanya, ungefika kwenye bahari ya chuma kilichoyeyuka kwa moto. Chuma hicho hakitulii. Hupanda, hushuka na kuzunguka pamoja na mzunguko wa dunia, kama uji mzito unavyochemka katika chungu. Kwa kuwa chuma hupitisha umeme, mwendo wake wazaa mikondo ya umeme, na mikondo yazaa sumaku. Ni kama dinamo kubwa isiyo na fundi. Chuma kikibadili mwendo wake, sumaku nayo hubadilika huku juu, lakini kwa upole: kwa miaka, kwa karne. Hiyo ndiyo iliyoihamisha dira ya London.

Sababu ya pili ni jua la kila siku. Mwanga wake hupasua chembe za hewa iliyo juu sana, kilometa 100 na zaidi, hata hewa hiyo huweza kupitisha umeme. Mchana mikondo hupita huko juu, usiku hupungua. Kwa hiyo dira iliyo nyepesi kabisa hutikisika kidogo kila siku, asubuhi hata jioni, nawe hutaona kwa macho. George Graham wa London aliliona jambo hili mwaka 1722 kwa kuchunguza sindano yake saa kwa saa. Sisi wa Afrika ya kati tuko karibu na pahali pake hasa, maana mikondo hiyo hukusanyika kwa nguvu juu ya mstari ambapo sindano ya sumaku hulala sawasawa bila kuinama. Mstari huo wapita kaskazini mwetu, karibu na Addis Ababa.

Sababu ya tatu ni dhoruba za jua. Mara kwa mara jua hutapika wingu la chembe zenye umeme, nalo likiifikia dunia huitikisa sumaku yake kwa saa nyingi au siku mbili tatu. Tarehe 1 Septemba 1859 Richard Carrington, Mwingereza, aliona mwako mkubwa juu ya jua. Kesho yake nyaya za telegrafu katika nchi nyingi zilichafuka. Tarehe 13 Machi 1989 dhoruba ya namna hiyo iliuzima umeme wa Quebec, Kanada, watu milioni 6 wakakaa gizani saa 9. Mwezi wa Mei 2024 ikaja nyingine, kubwa kuliko zote tangu 2003. Je, nani kati yetu aliiona huku Bunia? Huenda ni wale tu wenye fonia, waliosikia sauti ikikwaruza na kupotea, kwa sababu mawimbi ya fonia hupiga kwenye ile hewa ya juu na kurudi chini, na dhoruba huichafua. Kisha ikapita.

Hapo mtu mwenye akili atauliza, na ni haki yake: lakini je, ni uongo kwamba kaskazini na kusini vyaweza kupinduka? Si uongo. Mwaka 1906 Bernard Brunhes, huko Ufaransa, alipata mawe ya volkano ya kale ambayo sumaku yake ilielekea kinyume na ya leo. Mwaka 1929 Motonori Matuyama wa Japani alionyesha kwamba mapinduzi hayo yalitokea zamani za kale duniani. La mwisho lilikuwa kadiri ya miaka 780,000 iliyopita. Lakini sikieni wanalolificha wauza hofu: mapinduzi hayo huchukua maelfu ya miaka. Tena, miaka 41,000 hivi iliyopita sumaku ilidhoofika sana ikayumba kwa muda, kisha ikarudi. Na watu kama sisi walikuwapo duniani, wakiwinda na kulea watoto wao. Sisi tuliopo ni wazao wao. Kama ule ungekuwa mwisho wa watu, nani angekuwa Bunia leo akiuza bangili?

Na tuseme kuhusu kupungua kwa sehemu 9 katika 100. Kupungua kwa leo si ahadi ya mapinduzi ya kesho. Sumaku imepanda na kushuka mara nyingi bila kupinduka, na ushahidi mzuri uko katika Afrika yetu. Wakulima wa bonde la Limpopo, zamani kabla ya wazungu, wakipatwa na ukame waliteketeza vibanda na maghala yao kwa desturi ya utakaso. Udongo ulioungua kwa moto mkali, ukipoa, huweka ndani yake sura ya sumaku ya siku ile, kama nta inavyoshika alama ya muhuri. Mwaka 2015 John Tarduno na wenzake walipima udongo huo wakaona kwamba nguvu ya sumaku kusini mwa Afrika ilibadilika kwa haraka katika karne zilizopita. Wakafikiri ya kwamba labda sababu iko chini kabisa ya bara letu, ambapo mwamba mzito wa namna ya peke yake umelala juu ya ile bahari ya chuma na kuuvuruga mwendo wake. Ni wazo la wataalamu, bado lachunguzwa. Lakini tazameni tofauti: wao wasema "labda" na kuonyesha kipimo, wauza hofu wasema "hakika" na kuonyesha bangili.

Jambo hili la udongo si geni kwetu. Kila anayechoma matofali kandokando ya Bunia huandika katika tanuri lake mwelekeo wa sumaku wa mwaka huo, ijapokuwa hajui. Lava ya Nyiragongo iliyomwagika mwaka 2002 na tarehe 22 Mei 2021 nayo iliandika ilipopoa. Lakini kumbukeni: lava iliandika sumaku, sumaku haikuimwaga lava. Moto ulio chini ya ule mlima, katika bonde la ufa, ndio ulioimwaga. Vivyo hivyo tetemeko la tarehe 20 Machi 1966, lililoua watu Toro na upande wetu wa Semliki, lilitoka kwa nchi inayopasuka polepole katika bonde hilo hilo. Anayesema kwamba dira imeleta tetemeko amlaumu karani aliyeandika habari ya kifo kwamba ndiye aliyeua.

Na wazimu? Tufanye hesabu ndogo. Sumaku iliyo nyuma ya spika ya redio, ukiigusa, ni kali kuliko sumaku ya dunia mara 100 na zaidi. Kama kupungua kidogo kwa sumaku ya dunia kungemharibia mtu akili, mafundi wote wa redio wa Bunia wangekuwa wazimu siku nyingi. Wao ni wazima, na bei zao twazijua. Basi bangili hiyo haiongezi kitu, wala haizuii kitu. Ni kipande cha chuma kilichouzwa kwa bei ya woga. Na wanaotaja mwaka wa mwisho wa dunia, wanajidai kujua siku ambayo Kristo mwenyewe aliwaambia wanafunzi wake kwamba hakuna mtu aijuaye.

Huenda msomaji atasema: haya, tumewajua wadanganyifu, lakini yatuhusu nini sisi tulio na njaa na vita? Waacheni wazungu na sumaku zao. Neno hili twalijibu kwa ukali zaidi kuliko lile la kwanza, kwa sababu linasemwa na watu wema, nalo hudhuru zaidi.

Kwanza, hofu ina gharama. Mama aliyepoteza shamba lake Djugu, akiishi chini ya hema, akitoa franga zake za chumvi anunue bangili, ameibiwa. Aliyemwibia hakutumia bunduki, lakini amemwibia.

Pili, na hapa tunaomba kila mmoja asikilize vizuri, mambo ya dira yanagusa ardhi. Tunajua wote ardhi ni kitu gani katika Ituri. Mwaka 1999 ugomvi juu ya mashamba makubwa ya konsesioni katika Djugu uligeuka kuwa vita, na maelfu wakafa. Hatusemi kwamba dira ilileta vita ile. Ililetwa na tamaa na udhalimu wa watu. Twasema tu kwamba mahali penye petroli nyingi, kiberiti kidogo chatosha. Sasa chukueni karatasi ya zamani isemayo kwamba mpaka watoka kwenye jiwe fulani ukielekea pembe fulani ya dira. Karatasi ni ya miaka ya 1950. Leo mtu aja na dira mpya, au na simu, asimama kwenye jiwe lile, afuata pembe ile ile kwa uaminifu. Je, atafika pale pale? Hatafika. Kwetu pia pembe ya dira imebadilika tangu miaka ile. Kila digrii moja, katika mwendo wa kilometa moja, yakutoa njiani kwa mita 17. Tuseme badiliko ni digrii 3 na mpaka una kilometa 2: umeingia kwa jirani zaidi ya mita 100. Hapo pana nyumba, pana migomba, labda pana makaburi ya wazee. Jirani atasema ameibiwa, na huyu ataapa kwamba amefuata karatasi. Wote wawili wasema kweli, na panga latolewa.

Hata simu zenyewe hazikubaliani: moja huonyesha kaskazini ya sumaku, nyingine kaskazini halisi, kadiri ilivyopangwa. Na katika nchi yenye mawe ya chuma, kama kule Kilo na Moto, dira huvutwa na jiwe bila mwenyewe kujua. Mpima ardhi aliyesoma anayajua haya. Lakini si kila anayeshika dira Ituri amesoma, na si kila aliyesoma ana nia njema. Mjanja anayejua kwamba dira imehama, na ajua jirani yake hajui, ana silaha mkononi. Nao wazungu tunaoambiwa tuwaachie? Mwaka 2009 kiwanja cha ndege cha Stansted, Uingereza, kilibadilisha namba zilizoandikwa kwenye njia yake ya kutua, kwa sababu namba hizo hufuata dira na dira ilikuwa imehama. Hawakupiga mayowe wala hawakuuza bangili. Walichukua rangi na brashi wakaandika upya. Ndivyo watu wenye akili watendavyo.

Tatu, si kweli kwamba kazi hii ni ya mbali nasi. Mji huu wa Bunia ulikuwamo katika kazi hiyo. Wakati wa Mwaka wa Kimataifa wa Jiofizikia, toka 1 Julai 1957 hata 31 Desemba 1958, nchi zaidi ya 60 zilishirikiana kuipima dunia na anga lake, na Idara ya hali ya hewa ya Kongo ya wakati ule ilikuwa na kituo hapa Bunia kilichotuma mawimbi ya redio juu na kupokea mwangwi wake, kuipima ile hewa yenye umeme. Kivu nako, Lwiro, taasisi ya utafiti iliyoundwa mwaka 1947 ilikuwa na vyombo vyake. Huko Addis Ababa, Padri Pierre Gouin, Mjesuiti kutoka Kanada, alianzisha katika miaka ile ile kituo cha kupima sumaku karibu na ule mstari tuliousema. Kabla yake Padri Colin alikuwa amejenga kituo cha Antananarivo, Madagaska, mwaka 1889, na Padri Angelo Secchi alipima sumaku Roma katika karne ya 19. Watu hao walisali, na walipima. Hawakuona kwamba kipimo kinamwondolea Mungu heshima, wala kwamba sala inamwondolea mtu wajibu wa kuhesabu. Anayekuambia kwamba Mkristo mwema haulizi sababu za asili hajui historia ya Kanisa lake mwenyewe.

Wahenga walisema: mali bila daftari hupotea bila habari. Sumaku ya dunia tumepewa wote bure. Yatukinga na chembe kali za jua na yawaonyesha njia wasafiri. Daftari letu ndilo lililokosekana. Na pasipo daftari, kila mwenye mdomo mkubwa aandika lake.

Basi tuseme tunayoyataka, na tusizunguke. Twataka walimu wa shule zetu wawaonyeshe watoto dira, hata kwa sindano iliyosuguliwa sumaku na kuelea juu ya maji katika bakuli, na wawaambie ya kwamba kaskazini yake si kaskazini halisi, na ya kwamba huhama. Twataka chuo kikuu cha mji huu na serikali ya jimbo wafikirie kuweka tena chombo cha kupima hapa, mahali ambapo vijana wetu wenyewe watasoma namba kila siku. Twataka kila karatasi ya mpaka iandikwe mambo mawili yasiyogharimu hata franga moja: mwaka uliopimwa, na kaskazini iliyotumika, ya sumaku au halisi. Na wazee wanaoitwa kusuluhisha ugomvi wa mpaka, kabla ya kuuliza nani mwongo, waulize kwanza: karatasi hii ni ya mwaka gani?

Na yule wa bangili akija kwako jioni, usimpige, wala usimfukuze mbwa amfuate. Mwulize maswali matatu tu: nguvu hii hupimwa kwa chombo gani, nani aliipima, na mwaka gani? Akikosa jibu, funga mfuko wako, ukawanunulie watoto chumvi.